Jinsi ya kusikiliza upya albamu zote za Dire Straits bila kuishia njiani

Wanaoniuliza habari hii huwa wamekwisha kujaribu wakakwama, na karibu wote wamekwama mahali pamoja. Mtu anapakua albamu zote sita za Dire Straits, bendi ya roki ya Uingereza, anaanza na "Walk of Life" na "Sultans of Swing" kwa sababu ndizo anazozijua, anaingia kwenye nyimbo ngeni, anachoka, anarudi kwenye zile mbili tatu za enzi za shule. Baada ya hapo anatangaza kwamba bendi imepitwa na wakati.

Ukianza na nyimbo uzijuazo, zinageuka kuwa mizani ya kupimia zote zinazofuata, na hakuna wimbo mgeni utakaoshinda wimbo uliosikia ukiwa na miaka kumi na saba. Mwongozo huu unapanga kazi ili zile unazozipenda zikukute njiani, kila moja kwenye albamu yake. Nimeuandika kwa msikilizaji wa Arusha au Moshi mwenye sabufa sebuleni, bando la kuhesabu na umeme usiotabirika. Mwenye studio nyumbani anaweza kuruka Hatua ya 3.

## Vifaa

Albamu sita za studio, kamili. Kwa jumla zina nyimbo 51 na muda wa saa nne na dakika arobaini hivi. Ukipakua kwa ubora wa kbps 128 zitakula kama MB 270. Kwa kbps 320 zitafika kama MB 670. Chagua ubora wa juu. Kwenye bendi hii matoazi na nyuzi nyembamba za gitaa ndivyo vinavyoharibika kwanza faili ikibanwa.

Hedifoni za waya zinazoziba sikio, au spika mbili unazoweza kuzitenganisha. Spika ya simu haifai kabisa. Haina besi, na nusu ya kazi ya bendi hii iko kwenye besi na dramu.

Daftari na kalamu. Usiandike kwenye simu. Ukiifungua simu ili uandike, utakutana na ujumbe wa kikundi cha harusi, na wimbo utaisha bila wewe kujua.

Kaseti yako ya zamani, kama bado ipo. Usiitumbukize kwenye redio kaseti hivi hivi. Safisha kwanza kichwa cha redio kwa pamba na spiriti, kisha ipeleke kaseti mbele hadi mwisho na uirudishe, maana utepe uliokaa miaka hujishika. Wimbo ukisikika mzito na wa kujivuta, mkanda wa mpira ndani ya redio umelegea. Mpelekee fundi redio, ni kazi ndogo.

Jioni saba hivi, si lazima zifuatane.

## Hatua ya 1: Andika unachokumbuka kabla ya kubonyeza chochote

Chukua ukurasa mmoja. Andika majina ya nyimbo unazozikumbuka, hata kama jina ni la kubahatisha. Andika kaseti ilikuwa ya nani: ya kaka mkubwa, ya mjomba aliyetoka Nairobi, ya rafiki wa bweni. Andika ni sehemu gani ya wimbo inayokujia kwanza, maneno, gitaa au mlio wa kuanzia.

Kwa nini: ukishasikia rekodi halisi, kumbukumbu inajirekebisha palepale, na hutajua tena ulikuwa unakumbuka nini. Ukurasa huu utauhitaji katika Hatua ya 8.

Tahadhari: usitafute jina la wimbo mtandaoni ili "uhakikishe tu". Makosa yako ndiyo tunayoyataka.

Umefanikiwa ukiwa na ukurasa wenye fujo. Ukiwa na orodha safi ya nyimbo kumi zilizoandikwa sawasawa, umechungulia mahali.

## Hatua ya 2: Panga orodha iliyo sahihi

Mpangilio ni huu, na majalada kwenye flashi au simu yaanze na mwaka ili yajipange yenyewe:

1978 Dire Straits
1979 Communiqué
1980 Making Movies
1982 Love over Gold
1985 Brothers in Arms
1991 On Every Street

Albamu za jukwaani, *Alchemy* ya 1984 na *On the Night* ya 1993, ziweke kando kwa sasa. Mikusanyo ya nyimbo bora, kama ule wa 1988 uitwao *Money for Nothing*, iondoe kabisa. Hiyo ndiyo inayowaharibia watu kazi: ukiweka mkusanyo katikati, unasikia wimbo wa 1980 umelala na wa 1985, na masikio yanapoteza dira.

Kama unaingiziwa nyimbo kwenye flashi pale stendi au kwenye kibanda cha steshenari, kaa hapo hapo uangalie. Mara nyingi faili zinakuja bila namba, na redio ya gari itazicheza kwa alfabeti. Kila faili ianze na 01, 02, 03. Hesabu pia idadi: 9, 9, 7, 5, 9 na 12. Ikipungua au ikizidi, umepewa kitu kingine.

Tahadhari kuhusu *Brothers in Arms*: kuna urefu wa aina mbili. Sidii ina dakika 55. Santuri ya 1985 ina dakika 47 hivi, kwa sababu nyimbo kadhaa za upande wa kwanza zilifupishwa ili zienee. "Why Worry" ina dakika nane na nusu kwenye sidii, na tano na ushee kwenye santuri. Chukua ile ndefu.

Na kama kaseti yako ilirekodiwa dukani kwenye C90, fanya hesabu kidogo. Kila upande una dakika 45. *Love over Gold*, yenye dakika 41, inaenea upande mmoja vizuri. *Brothers in Arms* ndefu haienei. Aliyekurekodia alilazimika kukata wimbo, kuuhamishia upande wa pili au kuuacha. Inawezekana kabisa kwamba hujawahi kusikia albamu hiyo nzima, ingawa umekuwa ukiapa kwamba unaijua kwa moyo.

## Hatua ya 3: Itulize sabufa

Sabufa zetu zimetengenezwa kwa ajili ya kutikisa vioo vya dirisha. Kwa Bongo Fleva na singeli hilo linafaa. Kwa Dire Straits besi ya namna hiyo inamfunika Mark Knopfler, mwimbaji na mpiga gitaa la solo, asisikike, na mtu anabaki akijiuliza gitaa lililosifiwa liko wapi.

Rudisha kitufe cha besi chini ya nusu. Ondoa sabufa yenyewe kwenye kona ya chumba, maana kona inaongeza mngurumo. Tenganisha zile spika ndogo mbili kwa hatua mbili hivi na uzielekeze unapokaa. Kwenye simu, zima kuchanganya nyimbo, zima kuunganisha mwisho wa wimbo na mwanzo wa mwingine, zima kusawazisha sauti, na zima ile tabia ya programu kuendelea na nyimbo za wengine albamu ikiisha. Ile ya mwisho ni mbaya kuliko zote: albamu inamalizika, kabla hujavuta pumzi linaingia bendi jingine.

Jaribio: cheza wimbo wa kwanza wa albamu ya 1978, "Down to the Waterline". Mwanzo wake ni mtulivu, kama ukungu wa mtoni, halafu bendi linaingia kwa pamoja.

Umefanikiwa ukiweza kusikia gitaa mbili tofauti, moja la solo na moja la rithimu, bila kukunja uso. Kama yote ni donge moja, punguza besi tena.

## Hatua ya 4: 1978 na 1979, mahali wengi wanapokufia

Sikiliza albamu ya kwanza nzima, jioni moja. "Sultans of Swing" ni wimbo wa sita; usiurukie. Ukiukuta baada ya nyimbo tano za namna ileile, utagundua kwamba ulikuwa wa kawaida nyumbani kwao na haukudondoka kutoka mbinguni. Bendi wakati huo lilikuwa na watu wanne tu: Mark Knopfler, mdogo wake David kwenye rithimu, John Illsley kwenye besi na Pick Withers kwenye dramu. Hakuna kinanda cha maana, hakuna tarumbeta.

Knopfler anapiga kwa vidole bila kipande cha kupigia, na ndiyo maana kila noti ina uzito wake. Ana mkono wa kushoto ila gitaa analishika kama mtu wa kulia. Aliyezoea magitaa ya dansi hatashangaa kumsikia mtu akizungumza kwa nyuzi. Atakachoshangaa ni jinsi anavyoacha nafasi wazi.

Siku inayofuata, *Communiqué*. Hapa ndipo watu huniambia, "Mbona ni ileile?" Ni kweli inafanana sana na ya kwanza, ilitoka mwaka mmoja tu baadaye, na nyimbo zake ni dhaifu kidogo. Simtetei mtu. Lakini usiiruke, kwa sababu bila hiyo hutasikia mruko wa albamu ya tatu.

Mbinu: albamu hii isikilize kwa kumfuata Pick Withers peke yake. Sahau maneno, sahau gitaa. Sikiliza jinsi anavyogusa matoazi kwa adabu na asivyojaza kila pengo. Dakika 42 zitapita.

Umefanikiwa ukiweza kutaja wimbo mmoja wa *Communiqué* ambao ungeurudia. Mmoja unatosha.

## Hatua ya 5: 1980 na 1982, hapa usiharakishe

Wakati wa kurekodi *Making Movies* David aliondoka kwenye bendi. Akaingia Roy Bittan, mpiga piano wa bendi la Bruce Springsteen, kusaidia studio. Utasikia tofauti ndani ya dakika ya kwanza ya "Tunnel of Love": piano imefungua chumba, na nyimbo zimekuwa ndefu na zenye hadithi. Albamu haifiki hata dakika 40, na kwangu mimi upande wake wa kwanza, nyimbo tatu tu, ndio bora kuliko upande wowote waliowahi kurekodi.

Hii ndiyo albamu pekee kati ya sita ninayoruhusu isikilizwe safarini. Arusha hadi Moshi ni kama kilomita 80. Ukianza ukiwa Tengeru unaimaliza kabla ya kuona mji. Kaa mbali na spika ya dereva, maana hedifoni haziwezi kushindana na Coaster lenye muziki wake.

*Love over Gold* kamwe usiipeleke kwenye gari. Ina nyimbo tano, na inashuka hadi kunong'ona. Katika "Private Investigations" mtu asiyejua hupandisha sauti kwa sababu hasikii kitu, kisha magitaa yanalipuka na mtoto anaamka chumba cha pili. Weka sauti mwanzoni mwa albamu na usiiguse tena. Chaji simu ijae, tumia hedifoni, umeme ukikatika usikukatishe.

"Telegraph Road" ina dakika zaidi ya kumi na nne na inafungua albamu. Wengi wanakata tamaa dakika ya tano. Uchukulie kama wimbo wa dansi wa zamani: kuna sehemu ya kueleza habari, halafu kuna chemko. Chemko hapa ni gitaa la mwishoni, na halina utamu kama hujakaa kwenye habari.

Ndiyo maana katika hatua hii, na siyo kabla, unatoa maneno ya nyimbo na kuyasoma. Zamani tuliimba kwa kubahatisha, Kiingereza cha kujitungia mdomoni, na hakuna aliyelalamika. Sasa soma. "Telegraph Road" inamfuata mtu mmoja anayefika porini na mzigo wake, anajenga kibanda, wengine wanafuata, yanakuja makanisa, shule, sheria, barabara, viwanda. Halafu kazi zinakwisha. Anayekumbuka kiwanda cha matairi cha General Tyre kikiwa kinafanya kazi hapa Arusha, na kuwajua watu waliolelewa kwa mshahara wake kabla hakijasimama, hatahitaji kamusi kwa ubeti wa mwisho.

Sikiliza wimbo huo mara mbili usiku huohuo, mara ya kwanza ukisoma, mara ya pili taa ikiwa imezimwa.

Umefanikiwa ikiwa baada ya mara ya pili hukuangalia saa.

## Hatua ya 6: Brothers in Arms, ile unayodhani unaijua

Subiri angalau siku mbili baada ya *Love over Gold*. Ukiziunganisha, hii itasikika nyepesi kuliko ilivyo, kwa sababu inaanza na nyimbo za redio.

Imeuzwa zaidi ya nakala milioni 30 duniani na ni miongoni mwa albamu za mwanzo kurekodiwa kwa mitambo ya kidijitali, katika studio ya AIR kisiwani Montserrat. Sasa dramu nyingi zinapigwa na Omar Hakim, kinanda kimeenea kila mahali, na gitaa la "Money for Nothing" ni nene, halina ule wembamba wa 1978. Ukiwa umepita hatua zilizotangulia, mabadiliko haya utayasikia mwenyewe.

Upande wa kwanza ndio uliopigwa kwenye kila redio. Upande wa pili ndio msikilizaji wa sasa anapaswa kukaa nao. Kuanzia "Ride Across the River" hadi wimbo wenye jina la albamu, mada kubwa ni vita, askari, mamluki na wakubwa wanaojutia. Wimbo wa mwisho uliandikwa kipindi cha vita vya Falklands vya 1982. Usisimamishe albamu baada ya "Why Worry" hata kama chai imeiva.

Tahadhari: katika "Money for Nothing" toleo refu, anayezungumza ni mfanyakazi wa duka la vyombo vya umeme anayewaonea wivu wanamuziki kwenye televisheni, na anatumia tusi dhidi ya mashoga zaidi ya mara moja. Zamani hatukulisikia kwa sababu hatukusikia maneno yoyote. Kama watoto wako wanajua Kiingereza kuliko wewe, na siku hizi wanajua, sikiliza peke yako kwanza uamue.

Umefanikiwa ukiweza kusema ni upande gani wa albamu ulio bora, na kutoa sababu isiyohusu ujana wako.

## Hatua ya 7: On Every Street, kwa vipande viwili

Saa nzima, nyimbo 12. Ni ndefu kupita kiasi, na iliyoijaza hivyo ni nafasi ya sidii. Igawe: sita leo, sita kesho. Ukisikiliza zote kwa mkupuo, utafika "Iron Hand", ambayo ni nzuri, ukiwa umechoka.

Wanaopenda kantri watafurahi kuliko wengine, maana Paul Franklin anapiga gitaa linalolazwa, lenye sauti ya kuteleza (pedal steel), na Knopfler tayari macho yake yako Nashville. Wimbo wenye jina la albamu una mwisho unaojengeka taratibu, kinanda na gitaa vikijibizana. Huo usiukose. "Heavy Fuel" unaweza kuupita, mimi huupita.

## Hatua ya 8: Rudi kwenye ukurasa wa kwanza

Sasa fungua ule ukurasa wa fujo. Kwa kalamu ya rangi nyingine weka alama tatu: nyimbo ulizozipenda zamani na bado unazipenda, ulizozipenda zamani na sasa zimepoa, na zile ambazo hazikuwamo kabisa. Orodha ya tatu ndiyo tuliyoifanyia kazi yote hii. Kama ina nyimbo tano au zaidi, kazi imekamilika. Kama ni tupu, rudia *Making Movies* na *Love over Gold* baada ya mwezi. Ikibaki tupu tena, basi bendi hili lilikuwa la ujana wako tu, na hakuna ubaya.

Kisha mpigie yule mwenye kaseti, kama yuko hai na mnaongea. Usimtumie kiungo. Muulize alinunua wapi na upande wa pili ulikuwa na nini. Kaka zetu wanakumbuka mambo haya kwa usahihi wa kutisha, na mara nyingi ndipo utakapojua kwamba wimbo uliodhani ni wa Dire Straits ulikuwa wa bendi jingine lililojazia mwisho wa mkanda.

Baada ya hapo ndipo ufungue *Alchemy*, iliyorekodiwa Hammersmith Odeon, London, Julai 1983. Nyimbo ulizozijua zimenyooshwa na kukimbizwa, na "Sultans of Swing" ya humo imewafanya watu waidharau ile ya studio. Ukipenda kuwatazama, tafuta video ya Wembley, London, ya tarehe 11 Juni 1988, tamasha la miaka 70 ya Mandela akiwa bado kifungoni, Eric Clapton akiwa amesimama nao na gitaa. Anayetaka kuendelea na Knopfler peke yake aanze na *Golden Heart* ya 1996, ila aache wiki mbili zipite kwanza, na besi ya sabufa aiache palepale.